Maji Ndani ya Ini

Jumatatu, 7 Oktoba

Naandika nyuma ya daftari la vipimo vya wateja. Mbele kuna mabega na viuno vya watu, huku nyuma nitaweka mambo yangu. Binti yangu Nusrat nikimwambia yote niliyonayo kifuani atalia, na yeye akilia mimi hulegea. Leo sitaki kulegea.

Maumivu chini ya mbavu za kulia yana miezi miwili sasa. Nilidhani ni gesi, kisha nikadhani ni kukaa kwenye cherehani kutwa nzima. Asubuhi nimekwenda zahanati moja ya watu binafsi kule Nyamagana, wakanipaka mafuta ya baridi tumboni, yule kijana wa utrasaundi akaanza kupitisha kidude chake huku akiongea habari za mpira. Ghafla akanyamaza. Mtu anayeongea mpira akinyamaza, ujue kuna jambo.

Daktari ni mama mtu mzima, anaitwa Malimi, anaongea polepole na Kisukuma chake hakijifichi. Akanionyesha picha. Ini langu lina vifuko vya maji. Wamehesabu kumi na kimoja, kikubwa kuliko vyote kama limau.

"Vimetoka wapi?" nikamuuliza.

"Mama, sababu ni nyingi. Wako watu wanazaliwa navyo na wanakufa wazee bila kujua. Wako wanaovirithi kwenye ukoo. Kuna jipu la amiba, lakini hilo lingekupa homa kali. Mara chache sana inakuwa saratani. Na kuna tegu, mnyoo wa mbwa. Nyumbani mnafuga mbwa?"

"Sifugi. Jirani yangu anafuga."

Akanieleza. Mbwa akila nyama za ndani za mbuzi mwenye vifuko hivyo, tegu anakua tumboni mwa mbwa, mayai yanatoka na kinyesi. Kinyesi kikiingia kwenye mboga, mtu akala, yale mayai yanakwenda kujenga kwenye ini.

"Lakini nimesema inawezekana," akasema. "Sijasema ndiyo. Damu yako tutaipeleka Dar es Salaam, na utapangiwa picha ya sitiskani hospitali kubwa. Hatuvitoboi mpaka tujue ni nini. Na presha yako iko juu sana. Hizi dawa ukazimeze."

Mengine aliyosema sikuyasikia. Kwa mawazo nilikuwa nimeshafika nyumbani kwa jirani yangu, Mutayoba.

Jumanne, 8 Oktoba

Niandike vizuri, ili siku nikiulizwa nisibabaike.

Mzee Mutayoba, Mhaya, karani mstaafu wa meli. Kiwanja chake na changu hapa Pasiansi vimetenganishwa na waya tu. Mke wake alifariki mwaka juzi. Anafuga mbuzi, na Jumamosi huchinja mmoja akauzia watu wa baa. Mbwa wake ni wawili, Kanali na Pili, na anaongea nao Kihaya kama watoto wa kuzaa. Utumbo, mapafu na maini yasiyofaa anawatupia wao. Nimeyaona kwa macho yangu.

Hao mbwa wanapita chini ya waya na kujisaidia kwenye tuta langu la mchicha. Mchicha huo ndio mboga yetu kila siku. Mwaka jana kabla ya Idi, Pili alilala juu ya kanzu nane za wateja, nikazifua mara saba moja baada ya nyingine, mikono ikachunika. Nilipomwambia mwenyewe alicheka. Akasema, "Mama Nusrat, huyo kakupenda."

Kanipenda mpaka kwenye ini.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mvua ya kwanza. Nimekaa dirishani nikiangalia maji yanavyotoka kwake kuja kwangu. Yote yanashukia kwangu, kiwanja changu ndicho cha chini. Sikuwahi kulifikiria hilo.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimeng'oa mchicha wote. Mutayoba alikuwa anatoka misa, amevaa koti lake la kijivu. Akasimama kwenye waya. "Mama Nusrat, mbona unang'oa mboga nzuri?"

Sikumpa shikamoo. Ni mara ya kwanza tangu tuhamie hapa, miaka kumi na tatu. Nikamwambia, "Muulize Kanali."

Jumatano, 16 Oktoba

Mvua. Sare za madrasa, ishirini na mbili. Maumivu.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimepeleka malalamiko kwa mwenyekiti wa mtaa. Nimeandika kurasa mbili. Nusrat aliyasoma kabla sijayapeleka, akasema, "Mama, daktari alisema inawezekana. Wewe umeandika imethibitika."

"Wewe umesomea udaktari?"

"Sijasomea. Wewe pia hujasomea."

Ana miaka kumi na tisa na yuko chuo cha ualimu. Ulimi huo ni wa marehemu baba yake.

Alhamisi, 24 Oktoba

Leo nimeaibishwa, na aliyeniaibisha sitamsahau.

Tumeitwa ofisi ya mtaa saa nne. Walikuwepo mwenyekiti, wajumbe wanne na bwana afya. Nilizungumza vizuri, nikataja tegu, nikataja kinyesi, nikatoa picha ya ini langu nikaiweka mezani. Wajumbe waliiangalia wakaguna. Nikajua nimeshinda.

Mutayoba akasimama. Hakupandisha sauti. Akafungua bahasha ya plastiki akatoa kadi za mbwa wake, chanjo ya kichaa cha mbwa na dawa ya minyoo kila miezi mitatu, muhuri wa daktari wa mifugo kila mstari. Akatoa na karatasi za mkaguzi wa nyama. Nyama za ndani zenye kasoro zinachomwa, akasema, na wanazopewa mbwa wake anazichemsha kwanza. Marehemu mkewe ndiye aliyemfundisha.

"Mama Nusrat nampa pole kwa maradhi," akasema. "Kadi hizi, azione mwenyewe."

Akaniletea mkononi. Nikazisukuma, moja ikaanguka chini. Akainama kuiokota, mzee wa miaka sitini na sita, na ofisi nzima ikaniangalia mimi.

Mwenyekiti akasema mbwa wafungwe, waya urekebishwe, na mimi nisubiri majibu ya hospitali "kabla ya kuchafua majina ya watu". Kuchafua majina! Mjumbe mmoja alicheka, nimemsikia.

Mtu anaweza kununua mihuri. Kadi hazina maana yoyote. Nimerudi kwa miguu kwenye matope, na kila hatua nimelitamka jina la Mutayoba.

Jumamosi, 26 Oktoba

Mutayoba amekarabati waya. Amefanya mwenyewe, peke yake, mvuani. Mbwa wamefungwa kamba na wanalia. Kutwa nzima nashona huku nasikia wanavyolia, na ini linauma kwa kila mlio.

Jumapili, 27 Oktoba

Ameona nimeanika nguo, akaniambia mvua inakuja. Nikaziacha zilowe.

Ijumaa, 1 Novemba

Kaka Bashiru amepita. Yeye ana duka la nyavu na maboya pale Mirongo, duka la baba yetu. Kaja na habari njema: binti yake Mwanaheri ameposwa na kijana anaitwa Nurudin, mwalimu wa hesabu, watu wa heshima, barua ya posa itapokelewa Jumapili ya tarehe nane Desemba. Anataka nishone nguo ya binti.

Nilimwambia habari ya ini. Akaangalia mikono yake. Kisha akasema, "Utapona, mdogo wangu. Usisikilize sana madaktari."

"Ni mbwa wa Mutayoba."

"Eeh," akasema haraka. "Itakuwa ni mbwa. Mbwa ni wachafu."

Nilifarijika. Katika watu wote, ni yeye peke yake aliyeniamini.

Jumapili, 3 Novemba

Nimefanya.

Jana nilinunua maini ya ng'ombe robo kilo na dawa ya panya. Nusrat yuko chuoni. Saa mbili na nusu Mutayoba alitoka kwenda misa na koti lake la kijivu. Nilisubiri mpaka nione mgongo wake unapotea kwenye kona. Kisha nikaenda kwenye waya na beseni.

Kanali alitikisa mkia. Nilitegemea abweke, angebweka ingekuwa rahisi. Wote wawili walikuja mpaka kamba zikakaza, nikawatupia, wakala. Nikarudi uani kwangu nikaosha beseni kwa majivu na sabuni, nikaketi kwenye cherehani, nikashona upindo mrefu kupita kiasi.

Mutayoba alirudi saa nne na robo. Nilisikia anaita kwa Kihaya. Kisha hakuita tena.

Nilitegemea kujisikia kama mtu aliyetua mzigo. Nimejisikia vizuri, ndiyo, sitadanganya kwenye daftari langu mwenyewe. Nilijisikia vizuri mpaka adhuhuri.

Jumatatu, 4 Novemba

Amewachimbia shimo nyuma ya banda la mbuzi. Amechimba mpaka saa saba. Mvua ilikuwa inajaza shimo maji, na yeye anayachota kwa kopo.

Jumanne, 5 Novemba

Nusrat amerudi. "Mama, mbwa wa babu Mutayoba wamekufa wote siku moja."

"Nimesikia."

Aliniangalia. Mimi niliangalia sindano.

Jumamosi, 9 Novemba

Senene, wale panzi wa msimu wa mvua, wamefika sokoni. Kila mwaka Mutayoba huniletea bakuli, tangu enzi za mkewe, amewakaanga wakakauka vizuri. Mwaka huu waya uko kimya. Nimenunua kwa mtu mwingine, wana mafuta mengi.

Jumatano, 13 Novemba

Sitiskani. Wamenilaza kwenye meza inayoingia kwenye duara. Wamenidunga dawa mwilini, nikahisi joto mpaka kooni. Majibu Jumatatu, pamoja na ya damu kutoka Dar es Salaam. Nitaomba nakala mbili, moja nitaibandika kwenye ofisi ya mtaa.

Jumatatu, 18 Novemba

Mvua imenyesha tangu alfajiri mpaka jioni, na mimi nimetembea ndani yake bila mwavuli, nimeusahau kwa daktari.

Dokta Malimi alikuwa na bahasha mbili. Akafungua ya damu kwanza. Hakuna dalili ya tegu. Nikamwambia warudie. Akasema, "Subiri, mama. Nikuonyeshe hii."

Akaning'iniza picha kwenye taa. Ini, akaonyesha kwa kalamu. Vifuko si kumi na kimoja, ni zaidi ya thelathini, vingine vidogo kama punje ya maharage. Kisha akashusha kalamu chini. "Na hizi ni figo zako."

Sikuziona figo. Niliona vishada viwili vya zabibu.

"Siku ile tuliangalia ini na nyongo tu, kwa sababu ulilalamikia huko," akasema. "Huu ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, mama. Unakwenda kwenye damu ya ukoo. Vifuko vinaota kwenye figo taratibu, miaka na miaka, na kwa wanawake wengi vinaota kwenye ini pia. Ndio maana presha yako iko hivi. Baba au mama alikuwa na shida ya figo?"

"Baba alikufa kwa presha."

"Nani alimuuguza?"

"Kaka yangu."

"Muulize kaka yako."

Nikamuuliza swali ambalo nadhani hakuna mgonjwa aliyewahi kumuuliza. Nikamuuliza, "Kwa hiyo mbwa hawahusiki kabisa?" Akasema, "Hawahusiki kabisa. Hata ungeishi nao chumba kimoja."

Akaniambia mzazi mwenye ugonjwa huu, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi. Nikamfikiria Nusrat, nikashika meza.

Akaniambia pia niache kabisa dawa za maumivu ninazonunua dukani, zile za vidonge vya rangi ya chungwa, zinamaliza figo. Nimezimeza mwaka wa sita huu, kwa ajili ya mgongo. Ningejua mapema, akasema, presha ingetibiwa mapema, na figo zingekuwa na nafasi nzuri zaidi.

Ningejua mapema. Maneno hayo nimetembea nayo mpaka Pasiansi. Nilipofika nilipita mbele ya nyumba ya Mutayoba. Alikuwa barazani anamenya ndizi. Nilishindwa kumwangalia, nikaangalia ile kamba, bado imefungwa kwenye nguzo.

Jumatano, 20 Novemba

Nimekwenda Mirongo. Nilimkuta Bashiru anapima nyavu. Nikamwambia mteja wake atoke, nikafunga mlango wa duka mwenyewe.

"Baba aliugua nini?"

"Presha, unajua."

"Kaka, nimeonyeshwa figo zangu. Baba aliugua nini?"

Alikaa juu ya robota la nyavu. Ni mkubwa, ana tumbo, lakini alikaa kama mtoto aliyechapwa. Akasema, "Walimpiga picha. Miezi mitatu kabla hajafa. Figo na ini, vimejaa maji. Daktari alisema watoto wote tupimwe."

"Lini hiyo?"

"Miaka kumi na moja."

Kumi na moja, hesabu ileile ya vifuko vya kwanza. Nilijikuta nacheka.

"Ulikuwa umefiwa na mumeo mwaka uleule," akasema. "Ningekuambia nini? Na Mwanaheri alikuwa mdogo. Watu wakisikia ukoo una maradhi, nani ataoa kwetu? Nilisema nitasema baadaye. Halafu ikawa ngumu."

"Ulisema itakuwa ni mbwa."

Akaanza kukunja wavu uliokuwa miguuni.

"Ulikaa kwenye kiti changu, ukajua, ukasema itakuwa ni mbwa."

"Maulida, nakuomba. Barua ni tarehe nane. Baada ya ndoa nitasema kila kitu."

Nilifungua mlango nikatoka. Sikumtukana, sikumpiga. Nimepata kitu bora zaidi. Kanipa tarehe mwenyewe.

Alhamisi, 21 Novemba

Nitasimama mbele ya wageni. Nitasubiri wazee wa kwa Nurudin wakae, wanywe, barua iwekwe kwenye sinia. Ndipo nitatoa picha ya figo zangu niiweke juu ya barua. Nitasema kwa sauti ya taratibu kama ya Mutayoba siku ile ya kadi. Nimejifunza kwake kwamba sauti ya taratibu ndiyo inayoua.

Jumapili, 24 Novemba

Nashona nguo ya Mwanaheri, kitambaa cha kijani cha hariri. Sijawahi kushona vizuri namna hii. Kila mshono naufikiria uso wa Bashiru.

Jumanne, 26 Novemba

Mwanaheri amekuja kujaribu nguo. Ana miaka ishirini na tatu, mrefu, ana kicheko cha marehemu mama yetu. Akasema, "Shangazi, legeza kidogo hapa kiunoni, siku hizi mgongo unanisumbua." Nikauliza anatumia nini. Akatoa kwenye mkoba vidonge vya rangi ya chungwa.

Nilikuwa na pini midomoni. Ningeweza kuzitoa nikasema. Nilifikiria tarehe nane. Nikalegeza kiuno nusu inchi.

Alhamisi, 28 Novemba

Dawa za presha nazimeza sasa. Mutayoba amekohoa kutwa nzima.

Jumatatu, 2 Desemba

Bashiru ametuma ujumbe: "Mdogo wangu, familia ni siri." Sijajibu. Acha atetemeke.

Jumapili, 8 Desemba

Nimekaa kitandani na nguo ya sherehe bado mwilini. Niandike kabla sijaanza kujitetea.

Nilifika kwa Bashiru saa tatu. Nyumba imejaa harufu ya pilau, mazulia yametandikwa, mvua imekatika na watu wakasema ni baraka. Picha za figo nilikuwa nazo kwenye mkoba. Bashiru aliponiona aliniangalia mkoba kwanza, uso baadaye. Nilimpa shikamoo kwa sauti kubwa. Akaitika kwa shida. Nilifurahi sana.

Wageni wakapiga simu, wameshafika Nyamagana, dakika ishirini. Nikaenda chumba cha ndani kumvalisha Mwanaheri. Nilipokuwa namfunga vifungo vya mgongoni akasema, "Shangazi, leo kichwa kinaniuma sana," akachukua vile vidonge, akamimina viwili kiganjani.

Nikampiga mkono. Vidonge vikaruka mpaka kwenye zulia. Wanawake waliokuwemo wakashtuka. Nikawaambia watoke wote, nikamwita Bashiru kwa jina, bila "kaka", akaja mbio.

Nikafunga mlango. Nikamwambia, "Mwambie mwanao. Sema wewe sasa hivi, ama nitasema mimi kule nje sinia likiletwa."

"Maulida, wageni..."

"Dakika ishirini zinatosha."

Alisema. Alisimama katikati ya chumba na kanzu yake mpya, niliyoishona mimi, akasema yote. Babu yako aliugua hiki. Daktari alisema hivi. Nilinyamaza. Shangazi yako anacho. Mimi sijapimwa, naogopa. Hilo la mwisho sikulijua. Miaka kumi na moja amebeba karatasi ya baba na mwenyewe hajawahi kuingia chumba cha utrasaundi. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola. Ndicho nilichokitaka. Nilisimama mlangoni nikamwangalia mtu mzima akimomonyoka mbele ya mtoto wake, nikajisemea, kunywa, Maulida, kunywa mpaka ushibe.

Mwanaheri hakulia. Alimsikiliza baba yake mpaka mwisho. Kisha akageuka kwangu.

"Na wewe shangazi, umejua lini?"

"Nimejua... juzijuzi."

"Lini?"

"Tarehe kumi na nane mwezi uliopita."

Akahesabu kwa vidole. "Nilikuja kujaribu nguo tarehe ishirini na sita. Ukaniuliza natumia dawa gani, nikakuonyesha." Akainama akaokota kidonge kimoja kwenye zulia, akakishika mbele ya macho yangu. "Ulikuwa unajua. Ukanifunga pini ukaniacha niende nikavimeze siku kumi na mbili. Ulikuwa unaningojea nini?"

Bashiru aliniangalia, na machoni mwake sikuona ushindi, niliona mtu amepata mwenzake.

"Yeye alinyamaza ili niolewe," Mwanaheri akasema. "Wewe ulinyamaza ili unitumie. Nani kati yenu nimwite mzazi?"

Akatoka na ile nguo ya kijani, nusu ya vifungo viko wazi mgongoni. Alimsubiri Nurudin getini, akamchukua pembeni kabla wazee hawajashuka kwenye gari. Tuliwaona kupitia dirishani, hatukuwasikia. Kijana alikuwa anatikisa kichwa, si kukataa, ni kama mtu anayefanya hesabu ngumu. Baba yake mdogo akaitwa. Wakaongea. Wageni waliingia, wakala pilau kwa adabu, wakasema barua itakuja siku nyingine, wakaondoka. Sinia halikuwekwa kitu.

Jumanne, 10 Desemba

Sijashona. Nusrat nimemwambia yote ya ukoo. Alinishika mkono akasema, "Tutapima, mama." Ya mbwa sikumwambia. Akasema mwenyewe, akiwa anaosha vyombo, "Na ya kule ng'ambo ya waya, utayamaliza lini?"

Jumatatu, 16 Desemba

Leo tumepimwa, wanne kwenye benchi moja kwa Dokta Malimi. Mwanaheri alikaa mwisho kabisa, mbali na sisi. Bashiru aliingia wa kwanza, kwa sababu nilimwambia asipoingia nitamsukuma.

Bashiru, figo zote mbili zimejaa, mbaya kuliko zangu. Mwanaheri, vifuko vitano figo ya kulia, vitatu ya kushoto, ini safi. Figo zinafanya kazi vizuri. Dokta akamwambia, "Wewe umewahi. Dhibiti presha, kunywa maji, acha hivyo vidonge, njoo kila mwaka. Utazaa na utazeeka." Nusrat hakuonekana na kitu. Arudi tena akifika miaka thelathini, ndipo wataweza kumhakikishia.

Nje, Nurudin alikuwa amekaa kwenye kibanda cha chai. Sikujua kama atakuja. Mwanaheri alimpa karatasi, akaisoma mara mbili, akamwagizia chai. Sijui barua itakuja au haitakuja. Mwanaheri ananisalimia, basi. Hajaniita shangazi tangu siku ile.

Alhamisi, 19 Desemba

Mvua imepungua. Saa tatu asubuhi nimekwenda kwa Mutayoba, kwa mlango wa mbele. Alikuwa barazani na redio.

"Shikamoo, mzee."

Akapunguza sauti ya redio. "Marahaba."

Hakuniambia niketi. Nikasema nikiwa nimesimama. Nikamwambia majibu yametoka, ni ugonjwa wa ukoo wetu, mbwa wake hawakuhusika. Nikamwambia nitasema hivyo ofisi ya mtaa, mbele ya wajumbe walewale. Kisha nikasema lile lingine. Nikataja Jumapili, nikataja maini, nikataja beseni. Sauti yangu haikuwa ya taratibu.

Alizima redio.

"Nilijua," akasema. "Jirani wa nyuma alikuona unaosha beseni kwa majivu asubuhi ile. Na pale kwenye waya kilibaki kipande. Maini yenyewe nchi hii yanauzwa, watu wanakula, wewe ukawapa mbwa wa mtu unayemchukia. Ningekosaje kujua?"

"Mbona hukunipeleka polisi?"

Aliniangalia vizuri, bila haraka, mzee aliyekatisha tiketi za meli miaka thelathini na kuona kila aina ya msafiri.

"Nilisikia una uvimbe kwenye ini. Mke wangu mimi aliondoka kwa maradhi ya ini, miezi minne tu. Nikasema, polisi wa nini? Nitakaa hapa barazani, nimwangalie anavyokwisha. Kila asubuhi nilikuwa nasikiliza kama cherehani italia. Mungu anisamehe, siku ambazo haikulia nilifurahi."

Mbuzi alilia bandani.

"Sasa huo ugonjwa wenu," akasema, "unaua lini?"

"Daktari anasema nikitunza presha naweza kuishi miaka mingi. Ishirini. Labda zaidi."

Mutayoba alishusha pumzi. Akaangalia waya alioukarabati mwenyewe mvuani, kisha kule nyuma ya banda, kisha akanisogezea kigoda kwa mguu, bila kunitazama.

"Basi kaa chini," akasema. "Ishirini ni mingi."